Urefu wa Umri na Upana Wake

Katika miji yetu ya pwani hakuna dua inayotoka midomoni kwa wepesi kama ile ya kuombeana umri mrefu. Mjukuu akimletea bibi yake maji ya kunywa huombewa. Mgeni akiaga huombewa. Aliyelipa deni lake kwa wakati naye huombewa. Ni dua njema, wala hatukusudii kuitia dosari. Lakini ni mara chache mtu kusimama akajiuliza: huo umri mrefu tunaouomba ni kitu gani hasa, na yule atakayepewa ataupitisha katika hali gani, na mikononi mwa nani?

Bwana Mtume Muhammad (s.a.w.) alipoulizwa ni nani aliye bora katika watu, alimtaja yule aliyerefushiwa umri na amali zake zikawa njema. Na Mtume huyo huyo, katika dua zake, alikuwa akijikinga kwa Mwenyezi Mungu asirejeshwe kwenye umri ulio dhalili, ule ambao Sura ya An-Nahl, katika aya ya 70, inaueleza kuwa mtu huufikia akawa hajui kitu baada ya kwamba alikuwa akijua. Basi urefu wa umri haukuombwa peke yake. Uliombwa pamoja na kitu kingine.

Kitu hicho cha pili, tabibu mashuhuri Ibn Sina anasimuliwa kuwa alikiita upana. Inasemekana rafiki zake walimwonya kwamba anajichosha mno kwa kazi na mikesha, naye akawajibu kuwa yeye anapendelea umri mfupi wenye upana kuliko mrefu ulio mwembamba. Kama alisema hivyo au alisingiziwa, mambo yalikwenda vivyo hivyo: alizaliwa mwaka 980 karibu na Bukhara, na akafariki Hamadhan mwaka 1037, akiwa na umri wa miaka 57 tu. Katika miaka hiyo michache aliandika Al-Qanun fi al-Tibb, kitabu ambacho madaktari wa Ulaya waliendelea kukisomeshea vyuoni mpaka karne ya 17.

Jambo la kushangaza ni kwamba mtu huyu ambaye hakuuona uzee, aliwaandikia wazee mlango maalumu katika kitabu hicho. Na cha kwanza cha kuzingatia ni kile ambacho hakukiahidi. Hakusema kwamba ana dawa ya kurefusha umri. Alieleza wazi kuwa elimu ya kulinda siha haimdhaminii mtu kuokoka na mauti, wala haimfikishi kila mtu kwenye mwisho mrefu wa umri wa wanadamu. Kazi yake ni kuulinda mwili usiharibike kabla ya wakati wake. Kisha akaingia katika mambo madogo madogo. Mzee ale kidogo kidogo, mara mbili au tatu kwa siku, kwa kadiri tumbo lake linavyoweza kusaga. Apewe maziwa ikiwa anayavumilia. Ale tini zimlainishie choo. Aachwe alale zaidi kuliko kijana. Atembee kiasi cha nguvu zake. Akandwe mwili kwa mafuta, ukandaji wa wastani, usiwe wa nguvu wala wa kupapasa tu.

Msomaji aliyewahi kumwona bibi akikandwa miguu kwa mafuta jioni, huku akizungumza na anayemkanda, ataona kuwa sehemu kubwa ya dawa za Ibn Sina haziuzwi dukani. Zinahitaji mkono wa mtu mwingine. Nani atampikia mzee chakula kidogo mara tatu badala ya sahani kubwa mara moja? Nani atakwenda naye kwa mwendo wake?

Sasa tutazame wale walioushughulikia urefu peke yake.

Mwaka 1635, mkuu mmoja wa Kiingereza, Thomas Howard wa Arundel, alisikia kwamba katika jimbo la Shropshire yuko mkulima anayeitwa Thomas Parr, ambaye watu wanasema ana miaka 152. Mkuu yule alimtaka. Akaagiza machela, mzee akabebwa safari ndefu mpaka London, ili Mfalme Charles wa Kwanza amwone. Mzee alikuwa kipofu. Njiani watu walijazana kumtazama, na huko mjini akawekwa mahali pa kuonyeshwa kama anavyoonyeshwa mnyama wa ajabu. Mshairi mmoja, John Taylor, akatoa kijitabu juu yake mwaka ule ule. Wachoraji wakamchora. Kila mtu alipata chake kwa Mzee Parr.

Mwenyewe alipata wiki chache tu. Mwezi Novemba wa mwaka huo huo wa 1635 alifariki. Mfalme akaamuru mwili wake upasuliwe na William Harvey, tabibu yule aliyeeleza mwaka 1628 jinsi damu inavyozunguka mwilini. Harvey alivikuta viungo vya ndani vikiwa katika hali nzuri, akatoa maoni kuwa kilichomuua mzee ni kubadilishiwa maisha. Alitolewa kwenye hewa safi ya shamba akaletwa katika moshi wa mji. Aliondolewa chakula alichozoea, jibini na maziwa na mkate mgumu, akalishwa karamu za wakubwa. Kisha wakamzika kwa heshima katika kanisa la Westminster Abbey, mahali pa wafalme, na jiwe la kaburi lake likataja wafalme na malkia 10 alioishi katika enzi zao.

Kuhusu ile miaka 152, hakuna hati hata moja inayoithibitisha, na wataalamu wa leo hawaikubali. Yawezekana habari zake zilichanganywa na za babu yake. Lakini mimi naona kosa la hesabu ni dogo kuliko lile jingine. Watu wale walikuwa na mzee mikononi mwao, kipofu, aliyezoea kijiji chake, na katika mji mzima, wenye mfalme na matabibu, hakutokea wa kusema: mrudisheni kwao.

Tamaa ya urefu haikwisha. Katika miaka ya 1970 magazeti ya dunia yalijaa habari za mabonde matatu: Vilcabamba huko Ecuador, Hunza katika Pakistani ya kaskazini, na vijiji vya milima ya Caucasus. Daktari wa Kimarekani, Alexander Leaf, alikwenda kote kutatu, na mwaka 1973 makala yake katika National Geographic yakawashangaza wasomaji kwa habari za watu wa miaka 120 na zaidi. Mwaka ule ule alifariki Shirali Muslimov, mchungaji wa kondoo wa Azerbaijan, ambaye serikali ya Kisovieti ilikuwa ikisema ana miaka 168. Mwaka 1956 walikuwa wametoa hata stempu ya posta yenye picha yake.

Uchunguzi ulipofanywa, hesabu zilianguka. Mwanasayansi Zhores Medvedev alionyesha kuwa wazee wa Caucasus hawakuwa na hati za kuzaliwa, na kwamba wako waliotumia karatasi za baba zao ili kukwepa jeshi. Huko Vilcabamba, vitabu vya kanisa vilipopekuliwa ilionekana kwamba mzee mmoja aliyesema mwaka 1970 kuwa ana miaka 121, kwa kweli alikuwa na 87. Mwaka 1979 watafiti Mazess na Forman walichapisha matokeo yao: katika wote wale waliodai kuvuka karne, hakuna hata mmoja aliyekuwa amefika miaka 100.

Watu wengi waliisoma habari hiyo wakacheka. Sidhani kama ni ya kuchekwa. Mtu hujiongezea kile kinachompa heshima. Palipo na heshima ya ujana, watu hupunguza miaka yao. Mwanamke wa miaka 50 husema ana 40. Pale bondeni watu waliongeza, kwa sababu kwao mzee alisikilizwa. Leaf alidanganywa kwa miaka, lakini hakudanganywa katika mengine aliyoyaona kwa macho: wazee wanaopanda milima, wenye kazi yao ya kila siku hata ikiwa ndogo, wanaokaa ndani ya jamaa zao na kuombwa shauri. Miaka 87 ya namna hiyo ilikuwa habari kubwa, nayo ikapotea nyuma ya 121 ya uongo. (Kwetu nako wako wazee wasio na cheti, wanaojihesabu kwa mwaka wa vita au mwaka wa njaa. Na anayehesabu kwa mwezi mwandamo akumbuke kuwa miaka 100 ya Hijra ni kama 97 ya kalenda ya Mzungu.)

Umri mrefu kuliko wote uliothibitishwa kwa hati ni wa Mfaransa, Bi Jeanne Calment wa mji wa Arles. Alizaliwa tarehe 21 Februari 1875, akafariki tarehe 4 Agosti 1997, akiwa na miaka 122 na siku 164. Mwaka 2018 watafiti wa Kirusi walidai kuwa aliyefariki ni binti yake aliyechukua jina la mama. Wenzao wa Ufaransa wakawajibu mwaka 2019 kwa hati na maelezo, na jina lake limebaki katika orodha. Magazeti yaliipenda sana hadithi ya nyumba yake. Mwaka 1965, akiwa na miaka 90, aliiuza kwa wakili wa miaka 47 kwa sharti la kulipwa faranga 2,500 kila mwezi mpaka atakapokufa. Wakili alilipa miaka 30, akafariki mwaka 1995, na mjane wake akaendelea kulipa.

Watu hucheka hapo na kwenda zao. Wachache husoma sehemu nyingine ya hati hizo hizo: mtoto wake wa pekee alifariki mwaka 1934, na mjukuu wake wa pekee akafa kwa ajali ya gari mwaka 1963. Bibi huyu aliishi miaka 34 baada ya mzao wake wa mwisho. Tangu mwaka 1985 alikaa katika nyumba ya wazee, na mwishoni alikuwa haoni, hasikii vizuri, na yumo katika kiti cha magurudumu. Akili yake ilikuwa timamu na ulimi wake ulikuwa na mzaha. Wanasayansi waliompima walistaajabu. Waliokuwa wakimtembelea siku ya kuzaliwa kwake ni wageni, waandishi wa habari na madaktari.

Ndipo tufike Japani, ambako jambo hili limetokea kwa namna ya kutisha. Mwaka 1963 serikali ya huko ilihesabu watu 153 tu waliofikisha miaka 100, na ikaanza desturi ya kuwatunukia kikombe cha fedha. Mwaka 2024 idadi yao ilikuwa 95,119. Wamekuwa wengi kiasi kwamba tangu mwaka 2016 kikombe si fedha tupu tena. Kinapakwa fedha kwa juu, kupunguza gharama.

Mnamo Julai 2010, maofisa wa kata ya Adachi, katika mji wa Tokyo, walitaka kumpongeza mzee aliyeandikwa kuwa ndiye mwanamume mkongwe kuliko wote mjini, miaka 111. Walipobisha hodi, jamaa zake walitoa udhuru huu na ule: hataki kuonana na watu. Mwishowe polisi waliingia. Walimkuta kitandani, mifupa iliyokauka. Ushahidi wa chumbani ulionyesha kwamba alifariki mwaka 1978 au karibu na hapo. Kwa zaidi ya miaka 30 daftari la serikali lilimwongezea mwaka mmoja kila mwaka, na pensheni yake ikawa inapokelewa na watu wa nyumba hiyo hiyo.

Nchi ikashtuka, kila kata ikaanza kutafuta wazee wake. Bibi aliyeandikwa kuwa mkongwe wa Tokyo, miaka 113, hakuonekana. Binti yake akasema hajamwona mama yake tangu miaka ya 1980. Wizara ya Sheria ilipopekua madaftari yake, iliona majina zaidi ya 230,000 ya watu waliotimiza miaka 100 na ambao hakuna ajuaye wako wapi. Kati yao 884 wangekuwa na miaka 150 au zaidi. Wengi bila shaka walikufa katika vita na mabomu ya mwaka 1945, au walihamia ng'ambo, na hakuna aliyeandikisha. Lakini wako waliopotea katika siku za amani, majirani wakiwapo na mlango ukiwapo.

Na katika Japani hiyo hiyo kuna visiwa vya Okinawa, ambako tangu mwaka 1975 Daktari Makoto Suzuki na wenzake wamekuwa wakiwachunguza wazee wa miaka 100 mmoja mmoja kwa hati zao. Moja katika mambo yaliyowavutia watafiti huko ni chama kinachoitwa moai. Msomaji wa pwani hana haja ya kufafanuliwa sana: ni upatu. Watu kadhaa huchanga fedha kila mwezi na kupeana kwa zamu. Ila upatu wa Okinawa huendelea miaka na miaka, watu wale wale, mpaka uzeeni. Asiyefika siku ya mchango huendewa kwake kuangaliwa ana nini. Fedha ni kisingizio tu cha kuonana. Nisiwapambe kupita kiasi, kwani vijana wao walipozoea gari na vyakula vya haraka vya Kimarekani afya yao ilishuka, na katika hesabu ya mwaka 2000 wanaume wa Okinawa walikuwa wa 26 kwa umri wa kuishi kati ya majimbo 47 ya Japani. Upatu haumkingi mtu na mafuta na sukari.

Ndugu msomaji, tusijidanganye kwamba haya ni ya Wajapani peke yao. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 mtoto aliyezaliwa angetazamiwa kuishi takriban miaka 73, lakini katika hiyo miaka ya siha njema ni kama 63 na nusu. Yaani karibu miaka 10, kwa wastani wa dunia nzima, ni ya ugonjwa na ulemavu. Kila nyumba yenye mzee inaijua miaka hiyo kwa sura. Ni miguu iliyovimba, ni kisukari, ni jicho lililoingia mtoto, ni jina la mwana linalosahauliwa. Na vijana wetu wako wapi katika miaka hiyo? Wako Dar es Salaam na Nairobi, wako Muscat na Dubai, wako London. Hatuwalaumu kwa kutafuta riziki. Kila mwisho wa mwezi pesa huingia katika simu, na mzee ana feni, ana dawa, ana msichana wa kumpikia. Ila tangu asubuhi mpaka Isha hakuna aliyemuuliza neno. Nyumba imejaa, na mazungumzo yanapita juu ya kichwa chake. Ndoa ya mjukuu imekwisha kupangwa ndipo anaarifiwa. Sura ya Al-Israa, katika aya ya 23, inapotaja wazazi kufikia uzee, inataja wakifikia uzee hali wako kwako, pamoja nawe. Wafasiri wamelizingatia neno hilo dogo, na linafaa kuzingatiwa na kila mwenye kutuma pesa.

Serikali zetu nazo zimeanza kufanya sehemu yao. Zanzibar ilianza Pensheni Jamii mwezi Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee aliyetimiza miaka 70, awe alikuwa mwajiriwa au mvuvi au mama wa nyumbani. Kenya ilifuata mwaka 2018 kwa mpango wa Inua Jamii, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, kwa wenye umri huo huo. Ni fedha kidogo, lakini mzee mwenye shilingi yake humtuma mtoto dukani kwa sauti nyingine. Na wazo lenyewe si geni katika historia yetu. Kadhi Abu Yusuf, aliyefariki mwaka 798, ameandika katika Kitab al-Kharaj kwamba Khalifa Umar bin al-Khattab alimkuta mlangoni mwa watu mzee kipofu akiomba, akamuuliza ni wa dini gani, akaambiwa ni Myahudi. Kilichomtoa ni jizya na haja na uzee. Umar alimshika mkono akampeleka nyumbani kwake mwenyewe, akampa alichokuwa nacho, kisha akamwagiza mtunza Bait al-Mal amwangalie huyo na wenziwe, kwa kuwa si uadilifu kuzila nguvu za ujana wake kisha kumtupa uzeeni.

Angalia mpangilio wa kisa hicho. Hazina ilikuja baadaye. Mkono ulitangulia.

Nyumba ambayo historia imetuhifadhia habari za wazee wake vizuri kuliko nyingi ni ya Abu Quhafa wa Makka, baba yake Sayyidna Abu Bakr. Usiku wa Hijra, mwaka 622, Abu Bakr alipotoka na Mtume alichukua mali yake yote iliyosalia, dirhamu 5,000 au 6,000. Abu Quhafa alikuwa mzee aliyekwisha kupofuka, na bado hajasilimu. Alikuja nyumbani kwa wajukuu zake na wasiwasi, akasema anaona mwanawe amewaondokea na mali yake pia. Asma binti Abu Bakr, mama kijana aliyekuwa mjamzito, akaokota vijiwe, akavitia katika shubaka la ukutani ambamo baba yake alikuwa akiweka fedha, akavifunika kwa nguo, kisha akaushika mkono wa babu yake na kuuweka juu. Mzee akapapasa, akatulia, akasema ikiwa amewaachia hicho basi amefanya vyema. Asma mwenyewe ndiye aliyesimulia baadaye kwamba hakukuwa na kitu chochote. Alitaka tu moyo wa mzee upoe.

Miaka minane baadaye, siku ya kufunguliwa Makka, Abu Quhafa alimwomba binti yake mdogo amwongoze kupanda mlima wa Abu Qubays. Akamuuliza unaona nini. Binti akasema anaona weusi uliokusanyika. Mzee akasema hao ni farasi. Binti akasema anamwona mtu akienda na kurudi mbele yao. Mzee akasema huyo ndiye anayewapanga. Kisha binti akasema weusi umetawanyika. Naye akamwambia wameachiwa, niharakishe nyumbani. Walishuka, lakini wapanda farasi waliwakuta njiani. Napenda sana kisa hiki, kwa sababu hakuna anayehurumiwa ndani yake. Mtoto alitoa macho, mzee akatoa akili, na kila mmoja alimhitaji mwenziwe.

Siku hiyo Abu Bakr alimleta baba yake kwa Mtume, nywele zake zikiwa nyeupe pe. Mtume alipomwona alimwambia Abu Bakr kuwa angemwacha mzee nyumbani, yeye mwenyewe angemwendea. Akamkalisha mbele yake, akampangusa kifua, na Abu Quhafa akasilimu.

Aliishi mpaka akamwona mwanawe akiwa Khalifa, na akaishi mpaka akamzika moyoni, kwani Abu Bakr alifariki Madina mwaka wa 13 wa Hijra, baba yuko Makka. Kisheria baba alikuwa na sudusi ya urithi. Aliletewa habari ya fungu lake, akalirudisha kwa watoto wa Abu Bakr. Alifariki baada ya miezi sita hivi, akiwa na miaka 97.

Asma, yule mjukuu wa vijiwe, alizeeka naye akapofuka. Mwaka wa 73 wa Hijra, yaani 692, Hajjaj alipoizingira Makka kwa miezi na watu wakamkimbia Abdullah bin Zubair, Abdullah alikwenda kwa mama yake kutaka shauri. Mama alikuwa na miaka kama 100, na mwana alikuwa na miaka 72. Hakwenda kumjulia hali tu. Alikwenda kwa kuwa hakubakiwa na mwingine wa kumuuliza. Akamweleza kuwa hachelei kuuawa bali kuchezewa maiti yake. Asma akamjibu kwamba mbuzi akisha kuchinjwa haumizwi na kuchunwa, na kwamba ikiwa anajijua yuko katika haki basi asonge mbele. Alipomkumbatia kumuaga, mkono wake ukagusa deraya chini ya nguo. Akamuuliza ni ya nini, akamwambia aivue. Abdullah akaivua, akatoka.

Aliuawa, na mwili wake ukatundikwa. Mama yake, asiyeona, alipelekwa mpaka pale, akauliza je, haujafika wakati wa mpanda farasi huyu kushuka? Aliposhushwa akamkafini na kumzika. Siku chache baadaye Asma naye alifariki, na waliokuwapo wamesimulia kwamba hakuwa amepoteza jino, wala akili yake haikuwa imepungua.